Mwalimu wa Darasa la Nne Niliyemfungulia Mlango

Hapana, Mwende, wale watoto walijibu. Wallahi walijibu, mmoja baada ya mwingine, na si hadithi ya kuambiwa, nilikuwa nimesimama pale mlangoni na funguo mkononi kama mjinga, kwa hiyo wacha kunitolea macho hivyo na usiniambie eti watoto wa siku hizi hawaogopi kitu. Unataka kucheka, cheka, maana aibu yenyewe imeshazunguka Stratford Road yote, juzi nimeingia kununua nyama, muuza nyama ananiuliza kama kwanza nimeona kitambulisho cha mbuzi.

Sasa sikiliza tangu mwanzo, na usinikatize.

Ile shule yetu ya Sparkhill unaijua ni ndogo, imebanwa katikati ya nyumba za watu, jengo la matofali mekundu ambalo lilikuwa shule tangu zamani za wazungu wenyewe, likafungwa, likakaa miaka na njiwa wake, halafu sisi tukaingia na rangi mpya na bango jipya. Pesa ni za serikali lakini shule inajiendesha yenyewe, ina bodi yake, na bodi ikitaka inaweza kumwajiri mwalimu hata kama hana cheti cha ualimu cha Uingereza. Ndivyo dada Hodan alivyopata darasa la nne. Hodan amefundisha Eastleigh madarasa yaliyojaa mpaka dirishani, lakini vyeti vyake vya Kenya hapa vinaangaliwa kama tikiti ya basi ya jana. Na mimi? Mimi ni wa mapokezi. Nafungua mlango, nashika simu, nawapa wageni beji, na mwalimu akikosekana nakaa na watoto wasiuane. Sina cheti hata cha kuosha vyombo, hesabu nimejifunza kwa simu na Kiingereza nimejifunza kwa kugombana na watu. Lakini nilipofika Birmingham kutoka Holland bila kujua mtu, ni Hodan alinipa kitanda, na ni Hodan alinitafutia hiyo kazi, kwa hiyo ukimgusa Hodan umenitia kidole machoni.

Basi, asubuhi hiyo bodi ilikuwa inakuja kumtazama akifundisha. Wazazi wawili watatu walikuwa wamelalamika (hawakulalamika watoto wao walipoanza kusoma vizuri, walilalamika walipojua hana cheti cha hapa), na bodi ikasema itakuja ione kwa macho yake, halafu iamue kama Hodan anabaki na darasa huku akisomea hicho cheti, au anashushwa awe msaidizi wa kukata karatasi na kupanguza pua.

Na ndiyo siku treni ikaamua kusimama. Hodan anakaa Erdington. Ananipigia simu, nasikia watu wanaguna nyuma yake. "Ifrah mami, tumesimama hapa kabla ya mjini, haisogei. Mpigie mkuu, mwambie nitachelewa."

Nikasema sawa.

Sikumpigia. Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia, hapo tu. Mkuu wa shule alikuwa mkutanoni Edgbaston, na nikawaza nikimwambia Hodan amechelewa leo, leo hii, wale wa bodi watapata walichokuwa wanakitafuta, bora nikae kimya, Hodan ataingia kwa mlango wa nyuma na hakuna atakayejua.

Kengele ya mlango ikalia.

Nje mvua inanyesha ile ya Birmingham isiyokuwa na sauti. Amesimama bibi mmoja wa kizungu, mvi zimechanwa vizuri, koti refu la kijivu, mkoba wa ngozi ameukumbatia kifuani. Akaniambia, taratibu kabisa, "Mimi wa darasa la nne. Watoto wananingoja."

Unanielewa? Pale kwetu walimu wa siku moja hawaishi kuja, wanaletwa na kampuni ya kuazima walimu, leo huyu, kesho yule, hata majina siyashiki tena. Na mtu mzima wa umri ule, sisi hatukulelewa kumsimamisha mlangoni kwenye mvua na kumuuliza wewe nani. Nikamwambia karibu mama, nikamvalisha beji ya wageni mimi mwenyewe. Shingo yake ilikuwa baridi. Si baridi ya mvua, ni baridi kama ukuta.

Nilitaka kumwonyesha njia, lakini alishatangulia. Akapita korido ya nyuma, ile hata wafanyakazi wapya wanapotea, akakata kona bila kuangalia. Nje ya darasa akavua koti, akalitundika ukutani. Mwende, pale ukutani hakuna msumari wala ndoano, ni ukuta mtupu. Koti likaanguka chini na yeye hakugeuka, akaingia darasani. Ndipo nikaona miguuni amevaa slipa za ndani, zile za manyoya, zimelowa tepetepe. Na mimi, badala ya akili kunirudia, nikajiambia wazungu nao, nikaokota koti na kurudi kwenye kiti changu. Nikafurahi hata! Nikasema Mungu amemsitiri Hodan.

Kidogo hivi wakaingia wa bodi. Wawili ni watu wa kunyamaza na kuandika, wa tatu ndiye mwenyekiti, Mzee Harjit, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, aliletwa huku akiwa mtoto, na bado ana Kiswahili chake cha zamani cha dukani na akikuona wewe wa Kenya lazima akitoe.

"Habari, binti. Mwalimu Hodan iko?"

"Darasa la nne lina mwalimu, mzee."

"Mimi nauliza Hodan."

Ningesema amechelewa. Neno moja tu. Lakini yule mmoja wa kuandika akatabasamu pembeni, na lile tabasamu, wallahi, likanipanda kichwani, nikasimama, nikasema kwa Kiingereza ili wote wasikie mpaka wazazi waliokuwa bado wanawavua watoto makoti, "Nyinyi si mnataka vyeti? Leo nimewawekea mwenye vyeti! Vyeti vyote, nimeviona kwa macho yangu mawili. Njooni mwone kama anamfikia Hodan hata kisigino!"

Sikuwa nimeona cheti. Sikuwa nimeona hata jina.

Tukaenda, mimi mbele nikitikisa funguo, nyuma bodi, na wazazi kadhaa wakafuata maana nimepiga kelele na watu wanapenda kelele. Tulipokata ile kona nikaanza kupunguza mwendo mwenyewe. Darasa la nne, siku zote, unalisikia ukiwa barabarani. Siku hiyo lilikuwa kimya. Kimya cha kuingia nyumba na kujua kuna mtu hata kama hujamwona. Halafu nikasikia sauti yake, ndogo, safi, anaita majina.

"Maureen."

"Yes, Miss."

"Patrick."

"Yes, Miss."

"Doreen."

"Yes, Miss."

Mwende, kwenye darasa la nne hakuna Maureen. Hakuna Patrick. Nawajua wale watoto wote, kuna Zubeyr, kuna Ayaan, kuna Chantelle, na nikachungulia nikamwona Zubeyr, huyo shetani mdogo ambaye hajawahi kumaliza dakika kwenye kiti, amekaa wima mikono juu ya meza, anajibu jina la mtoto mwingine. Hawakucheka. Baadaye nilimuuliza Chantelle kwa nini mlijibu, akaniambia usipojibu yule bibi hakasiriki, ananyamaza tu na kuangalia mahali pasipo na mtu, anaangalia na kuangalia, na wao hawakutaka aendelee kupaangalia. Kwa hiyo wakagawana yale majina.

Halafu akaita, "Harjit."

Hakuna aliyejibu. Labda walichoka, labda hawakujua hilo nani alichukue. Yule bibi akainua uso, akaanza kungoja.

Nyuma ya bega langu nikasikia, kwa sauti ambayo si ya mzee wa miaka ile, sauti nyembamba ya mtoto, "Yes, Miss."

"Umechelewa. Kaa chini."

Na mwenyekiti wa bodi, na kilemba chake, na ndevu zake nyeupe, akanipita, akaingia, akakaa kwenye kile kiti kidogo cha mbele, magoti yakamfika kifuani.

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu na kupiga makofi, nikawaambia wazazi mnaona mwalimu huyo! Nilidhani ni mchezo, au nilitaka uwe mchezo. Hakuna aliyecheka na mimi.

Hapo ndipo Hodan akatokea anakimbia, mtandio umeloa, akachungulia ndani, akanigeukia mbele ya watu wote. "Ifrah. Huyo ni nani?"

"Mwalimu."

"Anaitwa nani?"

Nikaangalia ile beji niliyomvalisha mwenyewe. Ilikuwa tupu.

Alikuwa mwalimu kweli. Alifundisha darasa la nne kwenye chumba hichohicho, Mzee Harjit akiwa mmoja wa watoto wake, enzi ambazo ukuta ule ulikuwa na ndoano za makoti, na siku hizi anakaa nyumba ya wazee mtaa wa pili, akili imemwacha, na asubuhi hiyo alitoka tu akaja kazini. Mlezi wake alipokuja kumchukua alishika kiti hataki kutoka, anasema bado hajamaliza majina. Mzee Harjit ndiye aliyemshika mkono mpaka nje.

Lakini wazazi walikuwa wameshaona, na hakuna mzazi anayetaka kusikia akili imemwacha, wanasikia mtu asiyejulikana amefungiwa na watoto wetu na yule msichana wa mlangoni ameapa ameona vyeti vyake. Jioni ukumbi ulijaa. Nikasimamishwa mbele nieleze, na kabla sijamaliza mama mmoja akasema kwa sauti, "Kama mwenye vyeti ndiye huyo, je wasio na vyeti?" na ukumbi mzima ukamgeukia Hodan.

Mzee Harjit angeweza kumtetea, alikuwa anampenda sana Hodan. Hakuja kwenye kile kikao na hajakanyaga shuleni tena. Wale wawili wa kuandika wakaamua bila yeye. Sasa Hodan anakata karatasi, na darasa analo kijana mwenye cheti, na kijana huyo analalamika, anasema kila asubuhi akimaliza kuita majina watoto hawaanzi kelele, wanakaa vilevile, wima, kama wanasubiri aendelee.

Mimi walinitoa mlangoni, niko jikoni shuleni. Kinachonila moyo ni kwamba Hodan hakunigombeza. Alinitengenezea chai, akasema, "Treni ilisimama, Ifrah. Ungesema tu treni imesimama." Tangu siku hiyo simtetei mtu kwa kitu ambacho sijakiona, hata kama ni yeye, hata wanitabasamie namna gani.

Lakini wewe uliyekaa hapo unatikisa kichwa, unayejifanya ungejua: mtu wa umri wa nyanya yako, amelowa hivyo, anakwambia watoto wananingoja, ungemwambia kwanza onyesha kitambulisho?