Nilifunga sanduku Kolwezi siku ya matokeo: jibu kwa kijana anayesita kwenda kusoma Kongo

Wakuu, heshima kwenu nyote, pamoja na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kuandika chochote.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza humu: amepata nafasi ya chuo Kolwezi, na ukoo mzima unamcheka. Nimeanza kumjibu mara tatu nikafuta, kwa sababu sehemu ya jibu inaniaibisha. Leo nitaliandika lote kama lilivyokuwa.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne. Shahada yangu ya kwanza ni ya kemia, na kwa miaka mingi nilipima sampuli katika maabara ya mgodi wa dhahabu huku Kanda ya Ziwa. Ulipofika wakati wa shahada ya pili, ya uchenjuaji wa madini, wenzangu walikwenda India, Uturuki na China.

Nikachagua Kolwezi.

Hoja zangu zilikuwa mbili. Kwanza, shaba na kobalti ziko pale pale, unazikuta hadi kwenye kokoto za barabarani. Pili, watu wa kule wanaongea Kiswahili.

Hoja ya pili ndiyo iliyoniponza.

Kiswahili kipo kweli: sokoni, kanisani, kwenye pikipiki. Darasani ni Kifaransa, tangu salamu ya profesa mpaka swali la mwisho la mtihani. Mimi Kifaransa changu kilikuwa cha miezi miwili ya kujifunza kwenye simu. Wiki ya kwanza nilijaza daftari kwa namba na michoro, bila hata sentensi moja ya kuziunganisha.

Nilipanga chumba Kapata, mtaa wa nyumba za safu zilizojengewa wafanyakazi wa migodi zamani. Mwenye nyumba alikuwa mjane anayeitwa Mwa Mbuyi, yaani mama yake Mbuyi. Ndivyo watu wa Kasai wanavyomwita mwanamke aliyezaa mapacha, kwa kuwa Mbuyi ni jina la pacha wa kwanza. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye amezaliwa Kapata, ameolewa Kapata, ila bado anasema "kwetu Kasai", mahali alipopaona mara mbili tu maishani.

Kila jioni aliniuliza swali lile lile.

"Mutoto wangu, leo biliingia mu kichwa?"

"Vichache, mama."

"Basi kula bukari kwanza. Kichwa ya njaa haina mulango."

Bukari ndio ugali wa kule, wakuu, na nilikula mwingi.

Darasani aliyeniokoa alikuwa Kasongo, kijana aliyechimba kobalti kwa sululu miaka kadhaa kabla ya kurudi shule. Ukimpa jiwe, analipima kwa kiganja na kukuambia kama lina madini ya maana. Tulikubaliana hivi: yeye ananieleza mihadhara kwa Kiswahili cha Katanga, mimi namfundisha kazi za maabara, ambazo wengi pale walizijua kwa maandishi tu.

"Mama, we unajua bitu," aliniambia siku moja. "Majina yake njo hauna."

Yaani vitu navijua, majina yake ndiyo sina. Sijawahi kuelezwa kwa usahihi kiasi hicho.

Hata hivyo shaka haikuisha. Wenzangu walituma picha za maktaba za vioo huko waliko. Dada yangu alinipigia na kuuliza, kwa upole unaouma, kama ningeweza kumtaja mtu mmoja aliyewahi kuvuka mpaka kwenda kusoma Kongo. Sikuweza.

Kwa hiyo nikafanya jambo kimyakimya. Niliomba nafasi katika chuo kimoja hapa nyumbani, nikaipata. Nilitakiwa kuthibitisha kufikia Ijumaa moja, na matokeo ya mwaka wa kwanza Kolwezi yalikuwa yanatoka Jumatano ya wiki hiyo hiyo. Nikajiwekea nadhiri: nikifaulu vizuri, nabaki. Sikumwambia Mwa Mbuyi wala Kasongo.

Sasa niwaeleze matokeo ya kule, maana kwetu mtu anayatazama kwenye simu akiwa chumbani peke yake. Kule yanasomwa kwa sauti mbele ya umma, nao wanaita proclamation. Familia zinafika tangu asubuhi zikiwa na makopo ya poda nyeupe, ile ya watoto wachanga. Jina likisomwa, mwenye jina anakimbilia nje na kumwagiwa poda hadi kope ziwe nyeupe. Wanaanza na Grande Distinction, wanashuka Distinction, wanamalizia na Satisfaction, ya waliofaulu kwa kawaida. Aliyefeli hatajwi.

Grande Distinction ikasomwa. Simo.

Distinction ikasomwa, nami nikiwa nimeshika ukingo wa benchi. Simo.

Ukweli unaoniaibisha ndio huu: nilijua sehemu ya tatu ipo. Ila tangu darasa la kwanza nilikuwa mtu wa kusomwa juu. Kuitwa humo niliona ni kuanguka, na kutoitwa kabisa ni kuanguka zaidi. Sikutaka kusikia lolote kati ya hayo mbele za watu. Familia zilipokuwa zinashangilia, nilipenya mlangoni, nikapanda pikipiki, nikarudi Kapata.

Nyumba ilikuwa tupu. Niliona ni nafuu. Nikalifungua sanduku kitandani nikaanza kupanga nguo.

Nilikuwa nimefika kwenye viatu niliposikia vigelegele barabarani. Nilidhani ni vya mtoto wa jirani. Vikaingia uani kwetu, vikaingia ndani, na mlango wa chumba changu ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Mwa Mbuyi, kitenge cha sikukuu mwilini na kopo la poda mkononi. Nyuma yake Kasongo, mweupe kama aliyetoka kwenye gunia la unga, na majirani wanne.

"We mutoto, banaita jina yako, bantu bote banageuka, we hauko. Unatukimbia?"

"Mama, nimeanguka."

"Nani alikuambia?"

"Mama," Kasongo akadakia akinitazama mimi, "ulitoka mbele ya kusoma liste yetu. Tuko bote mule. Satisfaction."

"Tangu saa mbili niko mu jua," Mwa Mbuyi akaendelea. "Wa tano kwa ile liste. Nilihesabu na bidole." Kisha macho yake yakashuka kitandani. "Na hii valise?"

Hapakuwa na pa kujificha.

"Nilikuwa narudi kwetu, mama."

"Kwetu." Alilitamka neno polepole, kama anayeonja chumvi. "Mi nasemaka kwetu tangu nazaliwa. Na niko hapa."

Halafu akanimwagia poda kichwani. Iliyobaki koponi akaikung'uta ndani ya sanduku: juu ya magauni, juu ya daftari, hadi kwenye pasipoti.

"Sasa enda nabyo."

Majirani walicheka hadi mmoja akaketi sakafuni. Mimi nililia na kucheka pamoja, jambo ambalo na poda mdomoni silipendekezi.

Alhamisi mimi na Mwa Mbuyi tulifua nguo zote upya. Ijumaa nilikiandikia chuo cha nyumbani kukishukuru na kukataa.

Msidhani ni poda iliyoamua. Nilipokuwa nafua, nilijiona mtu aliyefaulu mwaka mzima wa masomo katika lugha ambayo alipoanza hakuweza hata kuomba maji kwayo. Mimi nililikimbia jina langu. Mama wa watu alisimama juani nusu siku ili alisikie.

Kijana, mwaka wa pili nao ulikuwa mgumu, na utambuzi wa cheti huku nyumbani ulinichosha. Jifunze Kifaransa miezi sita kabla ya kuondoka, si miwili. Lakini leo nafanya kazi niliyoitaka, na naona sasa kwamba kilichokuwa kikubwa ni shaka yangu tu. Uamuzi ulikuwa sawa.

Mliosoma Bujumbura, Lubumbashi, Lusaka au popote ambapo ndugu waliwacheka, tuambieni humu: ni nini kiliwafanya mbaki, au mwondoke? Wanaopinga pia karibuni, nitawajibu.

Nawe kijana, ukienda, siku ya matokeo kaa hadi jina la mwisho lisomwe.