Kalibu Iliyomngoja Mwenyewe

Watu husema chuma ni kigumu. Wapi! Nimesubu chuma miaka mingi hapa Nakuru, na kikiyeyuka hukubali lolote.

Kiwandani kwetu tulitengeneza vipuri vya mashine za ngano za walowezi wa Njoro. Kwanza kipuri kilichongwa kwa mbao. Mbao hiyo ikazikwa kwenye sanduku la mchanga, mchanga ukashindiliwa, kisha mbao ikatolewa polepole, likabaki shimo la umbo lake. Hiyo ndiyo kalibu, na humo ndimo tulimomwaga chuma. Tulikuwa na mwiko wetu: aliyeshindilia ndiye anayemwaga. Ukimwaga kalibu ya mwenzako, umesema harudi tena.

Rafiki yangu alikuwa Mkikuyu, mimi natoka magharibi. Asubuhi moja wakati wa Emajensi, siku zile za vita vya Mau Mau, askari wa serikali waliingia wakawapakia Wakikuyu wote kwenye lori. Yeye alikuwa ndiyo kwanza ametoa mbao ya gurudumu la meno. Akanipigia kelele, "Usiache ikauke!" Basi nikaifunika kwa gunia bichi, nikawa nalilowesha kila siku ili mchanga usibomoke.

Mkewe, aliyeujua mwiko wetu, alikuwa akija getini. "Shemeji, kuna habari?"

"Hakuna. Lakini kalibu yake bado inamngoja."

Hapo alirudi nyumbani na nguvu kidogo. Nami, Mungu wangu, niliyaamini maneno yangu mwenyewe.

Ngano ikaiva. Msimamizi akaja amefura, mashine ya mtu imelala shambani. "Asiyekuwapo na lake halipo," akasema. Methali hiyo naichukia hadi leo. Kuliko imwagwe na mtu asiyemjua, nikaona heri mimi. Niliondoa gunia, nikaacha mchanga ukauke, nikamwaga chuma. Kilipopoa nikavunja mchanga. Lo! Gurudumu safi, halina hata tundu moja. Nililipiga tupa huku machozi yakinitoka, nikawaambia wenzangu ni moshi.

Jioni shemeji alikuja, akaliona gurudumu likipakiwa garini. Safari hii hakuuliza habari.

"Ni lake?"

"Ni lake."

"Nani amemwaga?"

"Ni mimi, shemeji."

"Afadhali wewe," akasema. Kisha akaketi chini palepale getini, akavua kitambaa kichwani, akaanza kumlilia mumewe.