Mama Mkwe Alipoitema Chai Yangu

Siku niliyofungua duka langu la chai, mama mkwe aliitema chai mbele ya wageni wote.

Hakuitema kistaarabu, ile ya kugeuka pembeni na leso. Aliirudisha kikombeni, pwaa! Halafu akanitazama kama mtu aliyekutana sokoni na adui aliyedhani alishakufa.

"Hii umeitoa wapi?"

Ngoja nirudi nyuma kidogo, ndugu zangu, mnielewe.

Enzi hizo nilikuwa fundi wa friji, kijana mwembamba mwenye suruali moja ya kutokea. Nikaenda ukweni kujitambulisha. Makochi yana vitambaa vya kufuma, na mama mwenye nyumba hacheki hata kwa bahati mbaya.

Akaniletea chai. Haina maziwa, haina sukari, nyekundu, inanukia moshi mtupu. Ilikuwa chai ya Kichina. Baba mkwe aliachiwa na mhandisi Mchina aliyefanya naye kazi, siku anarudi kwao.

Nikanywa.

Jamani! Sikuwahi kujua kwamba chai inaweza kumshika mtu namna ile. Nikamaliza, nikajikaza nikasema, "Mama, kama ipo nyingine, naomba."

Akaniangalia. Akamimina. Nikamaliza tena.

Akaingia jikoni, akarudi na aina ya pili, nyeusi tii, iliyomegwa kutoka kwenye bonge lililoshindiliwa kama sabuni. Harufu yake ni ya stoo iliyofungwa siku nyingi. Nikajisemea, huyu mama ananifungulia kabati zima! Nikanywa mpaka mashapo.

Basi, nikaoa, na nikawa mgonjwa wa chai. Nilinunua majani na mabirika mpaka mke wangu akatishia kurudi kwao. Lakini zile mbili za Kichina sikuzipata tena. Nikimuuliza mama mkwe, anajibu ziliisha.

Na miaka yote hiyo aliniita "fundi". Wakwe wenzangu ni "mwanangu", mimi ni "fundi". Iliniuma, sifichi. Nilijipa moyo na zile chai tu: mtu hawezi kukutolea kitu kizuri vile kama hakupendi.

Mwaka huu mfanyabiashara mmoja wa majani akaniletea sampuli. Nafungua pakiti ya kwanza, moshi uleule. Ya pili, stoo ileile. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto.

Friji nikaachana nazo. Nikafungua duka, na ukutani nikamwandikisha msanii kwa herufi kubwa: KIKOMBE ALICHONIPOKEA NACHO MAMA. Mgeni rasmi akawa mama mkwe mwenyewe, aonje wa kwanza.

Ndipo akaitema.

"Si ni ile yako, mama," nikamwambia, tabasamu limefika magegoni. "Uliyonikaribisha nayo."

Akausoma ukuta. Akanisoma na mimi.

"Kukukaribisha? Fundi, ile nilikupa ili uondoke!"

Simu zikaanza kuinuka kurekodi.

"Ile takataka nyumbani hakuna aliyeiweza. Tuliiweka kabatini ifukuze mende. Nikasema, nikimpa huyu, harudi. Akaomba nyingine! Nikamletea ile mbaya zaidi. Akakomba kikombe!"

Watu walicheka mpaka wakashikilia meza. Mke wangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Kumbe alijua siku nyingi.

"Kwa hiyo hukunitaka?" nikauliza.

"Hata kidogo."

Nikageukia birika, nikajifanya naongeza maji. Macho yalikuwa yananiwasha. Kwa hasira nikajimiminia kikombe nikanywa, nikitegemea kuikuta mbaya.

Ilikuwa tamu vilevile. Hapo ndipo nilipozidi kuudhika.

Na mnajua ni chai gani iliyoisha siku ile? Hiyohiyo. Mama mmoja alibeba pakiti mbili. "Nina mabinti wawili," akaniambia, akanikonyeza.

Jumapili iliyofuata binti yangu mwenyewe akaleta kijana nyumbani. Dereva wa kreni, mabega kama kabati. Nikaichemsha ile ya moshi kwa mkono wangu, roho kwatu. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, anatazama kama refa.

Kijana akapiga funda moja. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Baba, nisamehe. Hii siiwezi. Kama kuna ya maziwa, nitashukuru."

Ameanguka mtihani! Nikamgeukia mama mkwe nimevimba kwa ushindi.

Alikuwa anapiga makofi.

"Huyu mkweli! Mkwe ndiye huyu. Mwanangu, njoo ukae hapa karibu yangu."

Mwanangu! Kwa funda moja!

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, na mimi niliyemaliza vikombe vitatu?"

"Wewe nilidhani una njaa," akasema. "Ulivyokuwa umekonda vile, unalamba kitu ambacho mende wamekikimbia. Nikamwambia baba yenu, huyu mtoto wa watu nitamfukuzaje? Mwache abaki, tumlishe."

Akavuta kikombe alichokiacha yule kijana, akakisogeza mbele yangu.

"Kunywa, mwanangu. Isipoe."

Nikainamisha kichwa kikombeni ili wasinione uso.

Funzo langu ni dogo tu. Ukienda ukweni, usihangaike kuchunguza kwa nini umepewa ulichopewa. Ukikipenda, omba kingine.