Nionyeshe Unavyomeza

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya Majengo, sista mkuu alinikabidhi mashine ya kupimia presha kabla hata sijavua sweta. "Hapa hakuna mama anayeondoka na tembe za kupanga uzazi kabla hujampima presha na kumuuliza kuhusu kichwa kuuma. Umenielewa?" Nikaitika. Nilidhani kazi yote ni hiyo: pima, uliza, toa pakiti, ita mwingine.

Nyinyi manesi mnaoanza leo mna sindano, vijiti vya kupandikizwa mkononi na simu za kuwakumbusha kina mama. Sisi tulitoa tembe zaidi. Pakiti moja ni ya mwezi: zile nyeupe zina homoni za kuzuia yai lisipevuke, na za kahawia za mwisho ni madini ya chuma tu, ya kuongeza damu. Unameza moja kila siku. Niliyasema hayo mbio mbio, foleni imefika getini, na kina mama wakaitika, "Sawa, sista."

Kisha nikahamishiwa zahanati ya mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, nikakutana na Atieno, kibarua wa kiwanda cha plastiki. Watoto wake watatu wote walizaliwa kwa upasuaji, na kwa yule wa mwisho kizazi kilikuwa karibu kupasuka. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akishika mimba nyingine huenda asipone.

Asubuhi moja alikuja akicheka. "Sista, mimi si wa kuharibu dawa. Pakiti moja inanisukuma miezi mitatu!"

Nikaweka kalamu chini. "Unameza vipi? Hebu nionyeshe."

Akatoa pakiti kwenye sidiria. Ilikuwa na mapengo hapa na pale, kama meno ya mtoto. "Hizi nilimeza mzee wangu akiwa shifti ya mchana. Akiwa ya usiku halali nyumbani, sasa nimeze ya nini?"

"Hedhi uliiona lini?"

Kicheko kikaisha. "Imechelewa, sista."

Sista mkuu wa pale akachungulia mlangoni. "Mpe pakiti aende, foleni ni ndefu."

"Samahani, mama. Huyu haendi popote."

Alinikata jicho, akaondoka. Tukapima mkojo. Kukaa kulinishinda, nikawa nafuta meza iliyokuwa safi. Atieno alinong'ona, "Watoto wangu, sista. Nani atawalea?"

Mstari ulitokea mmoja tu. Hana mimba! Tukakumbatiana tukilia mbele ya foleni, bila haya. Wiki iliyofuata nilimpima tena, nikahakikisha. Tangu hapo sikumpa mama yeyote pakiti kabla hajanieleza kwa mdomo wake atakavyomeza.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Ziwani. Majirani huniita shosho, yaani bibi, na kuniambia, "Pumzika." Nipumzike vipi, na duka la dawa hapo chini linauza tembe kama peremende? Siku nyingi hujikuta nimefika soko la Gikomba, kwenye kibanda cha mboga cha Atieno. Hedhi yake ilishakoma, lakini bado hunipigia kelele kutoka mbali, "Sista, leo nimemeza!" Wateja hugeuka, sisi hucheka.

Wiki iliyopita aliniambia kuhusu Brenda, kitinda mimba wake. Ameolewa, naye pia amezaa kwa upasuaji, na sasa ananunua tembe dukani. Mumewe ni dereva wa lori, huja nyumbani mwisho wa mwezi.

"Anameza vipi?" nikauliza.

Atieno akaacha kukata sukuma wiki. "Sijamuuliza."

"Funika mboga. Twende."