Kupanga Sauti za Baba

Nimefanya kazi ya faili miaka kumi na sita, na kama kuna kitu kimenichosha duniani ni faili. Mwanzoni zilikuwa za karatasi, zimejaa vumbi na mavi ya panya. Siku hizi ni za kompyuta, hazina vumbi, lakini kupotea zinapotea vilevile. Ofisi yetu iko hapa Isiolo mjini, na kazi yangu ni kukaa nyuma ya dirisha dogo na kumtafutia mtu hati yake. Wengi wanatoka mbali, wameondoka kwao alfajiri, na mara nyingi jibu langu kwao ni neno moja: haipo. Nimelisema mpaka halinisumbui tena.

Ofisini ndiko nilikojifunza kutumia skrini nyeusi, ile isiyo na picha wala kitu cha kubofya. Fundi alituambia mashine zetu ni kuukuu, tukizibebesha mapambo zitalala, basi tujue kuziamuru kwa maandishi. Wenzangu walikataa katakata. Mimi nilijifunza kwa uvivu, maana niliona inapunguza kazi. Unaandika herufi mbili, l na s, unabonyeza, na majina ya faili zote zilizomo yanateremka mbele yako. Ukiongeza kistari, l na S kubwa, kila moja inaonyesha tarehe na uzito wake, na zile nzito zinakaa juu. Ukiweka t badala ya S, zinapangwa kwa wakati. Ukitia na r, orodha inageuzwa, ya mwisho inakuwa ya kwanza. Hakuna cha ajabu hapo. Sikudhani siku moja nitaitumia kumtafuta baba yangu.

Baba alifariki kwetu kijijini Kulamawe mvua za vuli zilipoanza tu, baada ya kuugua siku nne. Nilipofika alikuwa ameshazikwa. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini simu aliipenda, na kila asubuhi akishatoa ngamia bomani alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti. Kila asubuhi, nasema. Na mimi, nitasema ukweli hapa kwa sababu nimechoka kuuficha, nilikuwa sizisikilizi.

Sisi Waborana hatuingii kwenye neno moja kwa moja. Mtu anauliza kwanza nagaa, yaani amani: amani ya nyumba, ya watoto, ya mifugo, ya njia, ya majirani, ya mvua. Baba aliuliza zote, mimi nisiye na hata kuku mmoja mjini aliniuliza habari za mifugo yangu, akanyamaza kidogo nijibu, ingawa nilikuwa sipo, kisha akaendelea. Dakika nne, dakika tano. Nilijua yote atakayosema. Nilikuwa na foleni dirishani na bosi mgongoni, nikatia pamba masikioni. Nilimjibu kwa maandishi: "Salama baba, niko kazini." Binti yake mdogo alimsomea. Simu ikijaa nilizihamishia zote kwenye kompyuta yangu ya nyumbani bila kufungua hata moja, nikisema nitazisikiliza nikipata nafasi.

Wiki tatu baada ya mazishi, baba mkubwa, kaka yake marehemu, alituita watoto wote Kulamawe. Ni mtu mpole, wa dini, hapendi mambo ya kuvutana. Alisema mifugo igawanywe kisheria, kila mtu apate haki yake, marehemu apumzike. Sote tukakubali. Ndipo sauti ya mama mdogo ikatoka nyuma ya pazia, maana alikuwa kwenye eda na hakutoka mbele za watu.

"Hiyo ngamia ya maziwa isiingie kwa hesabu," alisema. "Mzee alinipea mimi, hiyo ngamia na mtoto wake. Alinipea akiwa mzima."

Mama mdogo si wa kwetu kwa kuzaliwa. Ni mtoto wa wakulima wa Burat, akasilimu, akaolewa na baba baada ya mama yangu kufariki. Tumepishana miaka mitatu tu, hata hivyo ananiita mwanangu, na tulikuwa tukicheka sana juu ya hilo. Kukama ngamia alijifunzia ukubwani, akapigwa teke la kwanza mbele ya kijiji kizima, akarudi tena. Maziwa ya yule ngamia alikuwa akiyatuma mjini kwa gari kila asubuhi, na kwa hayo alikuwa akiwalea binti zake wawili. Mwana wa kiume hana. Wa kumsemea pale hakuwa naye hata mmoja.

Kaka yangu anayenifuata alisema, bila ubaya, kwamba kukama si kumiliki, kila mke hukama wanyama wa mume wake. Baba mkubwa akauliza nani alisikia marehemu akitoa.

"Huyu wa mjini," mama mdogo alijibu. "Mzee aliniambia ametuma neno kwa yeye, ili yeye aambie hawa vijana. Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye kifungua mimba, ndugu zangu hunisikiliza, kwa hiyo ilikuwa na maana baba kupitia kwangu. Nikasema zipo sauti zake nyingi, nitatafuta. Baba mkubwa alifurahi. "Kama sauti yake iko, imetosha," alisema. "Wiki ijayo, Ijumaa baada ya swala, utuletee tusikie."

Nilirudi mjini nikiwa na siku sita. Simu yangu ilikuwa imetumbukia kwenye karai la maji wiki ile ya msiba, ikafa na mazungumzo yote yaliyokuwa ndani. Nilichobaki nacho ni zile faili kwenye kompyuta, zaidi ya elfu mbili, na jina la faili ya sauti halisemi ni ya nani. Za baba zilichanganyika na za kikundi chetu cha akina mama, za wenzangu kazini, za mwalimu wa watoto wangu. Mwanamke wa faili alikuwa amelala kwenye faili zake mwenyewe bila kuzipanga. Ungecheka, kama yasingekukuta wewe.

Nilizipanga kwanza kwa wakati. Zote zikajitokeza na tarehe za siku nilizozihamisha, mamia kwa mamia za siku moja, kana kwamba baba alisema maneno ya mwaka mzima asubuhi moja. Lilikuwa kosa la kijinga, na nililijua, kwa maana hata ofisini hutokea. Lakini jina la kila faili limebeba mwaka, mwezi na siku iliyotumwa, basi nikaacha zijipange kwa majina. Sasa nilihitaji kujua ni siku gani.

Kwa simu mpya niliyonunua, nikampigia mama mdogo. Kule mtandao hushika ukisimama karibu na bomba la maji ya shule, na yeye kutoka nyumbani hawezi, kwa hiyo tulikuwa tukikatikakatika.

"Mama, alisema lini?"

"Wakati wa kiangazi. Ile ngamia ilikuwa imezaa, mtoto bado hajaanza kula majani. Na maji ya kisima ilikuwa imeanza kuwa ya chumvi."

Tarehe ndiyo hiyo. Niliuliza huku na huku, huyu akakumbuka ndama, yule akakumbuka kisima, nikapunguza mpaka zikabaki faili za wiki saba. Nikaziita hizo peke yake, nikazipanga kwa uzito, kubwa juu. Niliwaza hivi: neno la kumpa mtu ngamia ni neno zito, litakuwa kwenye sauti ndefu.

Nilisikiliza asubuhi kabla ya kazi, na mchana badala ya kula. Wa kikundi niliwatambua kwa sekunde moja nikawaruka. Baba sikumruka. Amani ya nyumba. Amani ya watoto. Amani ya mifugo. Upepo unapiga, kengele za mbao za ngamia zinagonga, baba ananyamaza nijibu. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nikachoka hata kulia, na siku ya tatu, Mungu anisamehe, nilianza kumkasirikia kama zamani: mzee, sema basi, sema neno lenyewe. Akamaliza salamu, akasema haya, Mungu akulinde, akakata. Faili iliyofuata hivyo hivyo.

Jumatano nilimpigia tena mama mdogo, nikamwambia nimesikiliza zote ndefu na ni salamu tupu.

"Ehe," alisema, kana kwamba nimemwambia maji yanalowesha. "Kwa salamu hawezi kuweka neno. Anatuma salamu, halafu anangojea ile alama ya kipaza sauti igeuke buluu. Mtoto alimfundisha, ikigeuka buluu, umesikia. Ukishasikia salamu, ndio sasa anatuma neno. Si ni adabu? Utaambia mtu jambo kubwa na hajakusalimia?"

"Na isipogeuka buluu?"

Mtandao ulikatika hapo.

Nilirudi mbele ya skrini. Safari hii sikupanga kwa uzito. Niliacha zifuatane kwa siku, nikatazama za baba peke yake, na nikaona jambo ambalo uchovu haukuniruhusu kuliona. Katikati ya zile wiki saba kulikuwa na asubuhi tano zilizofuatana ambapo uzito ulipanda kila siku. Nilikuwa nimeshazisikiliza zote tano, lakini huku na kule, kila moja mahali pake kwenye orodha ya zile nzito. Nikazisikiliza kwa mfululizo.

Siku ya kwanza ni salamu za kawaida. Siku ya pili salamu, kisha anauliza kama niko mzima. Siku ya tatu anauliza kama ni kichwa, maana utotoni kilikuwa kinaniuma. Siku ya nne anauliza kama kazini kuna mtu amenikosea. Siku ya tano anauliza kama ni yeye aliyenikosea. Nilipozisikiliza zimechanganyika nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Siku ya sita kulikuwa na faili ndogo sana. Kwenye ile orodha ya uzito ilikuwa chini kabisa, sikuwa nimeifikia. Inasema, nayafasiri kwa Kiswahili: "Nina neno juu ya yule ngamia wa mama yako mdogo. Si haraka. Ukishanisikia nitakuambia."

Nilikesha nikisikiliza zilizobaki, hakuna nyingine yenye neno. Kesho yake anaanza tena na salamu, na hivyo mpaka siku alipougua.

Alhamisi nilimweleza mama mdogo. Akasema taratibu, "Mwanangu, sema tu ulisikia. Si uongo. Alinipea kweli." Nilijua kwamba hadanganyi. Nilijua pia kwamba nikisema nilisikia, hakuna atakayenipinga. Njia nzima ya kwenda Kulamawe nilikuwa nimeshaamua kusema hivyo, na nilijikaza kisabuni.

Ijumaa wanaume walitoka msikitini wakakaa. Nikaicheza ile faili ndogo. Ndugu zangu waliinamisha vichwa waliposikia sauti. Baba mkubwa alifuta macho, akaomba irudiwe, nikairudia.

"Ametaja ngamia wa mama yako mdogo," alisema. "Lakini watu husema hivyo hata kwa mnyama anayekamwa tu. Hilo neno lenyewe, alikuambia?"

Nilitazama pazia. Halikutikisika. Baba mkubwa aliniangalia kwa upole wake wote, akiwa tayari kuniamini, na uongo niliobeba kutoka mjini haukunitoka. Baba alisubiri siku sita nimsikie, halafu leo niseme nilimsikia?

"Haipo," nikasema. "Hakuniambia. Alikuwa anangoja nifungue salamu, sikufungua."

Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Baba mkubwa alisema hawezi kumpa mtu kilichotajwa nusu, na kisheria alikuwa sawa. Ngamia akaingia kwenye hesabu, akamwangukia yule kaka anayenifuata, pamoja na ndama. Mama mdogo na binti zake walipata fungu lao, mbuzi. Langu nikamwachia yeye, lakini fungu la binti kama mimi halifiki ngamia. Jioni hiyo hiyo kaka alituma mtu akamchukua ngamia wake.

Nililala kwa mama mdogo. Asubuhi niliamka nikamkuta ameshawasha moto, binti zake wamevaa tayari kwenda madrasa, wamekaa na vikombe mikononi. Alinimiminia chai nyeusi, akaniwekea sukari nyingi kuliko kawaida, akakiweka kikombe mbele yangu kwa mikono miwili. Kisha akaniomba radhi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Leo hakuna maziwa."