Gumba la Chumba cha Mitambo

Tangu utotoni walimwita Chura, maana kumtoa majini ilikuwa ugomvi. Ukubwani akawa mwalimu wa uzamiaji, na jina likamganda. Aliyempa ni baba yake, fundi mkuu wa mitambo kwenye meli moja ya mizigo. Aliitumikia miaka ishirini na sita, hadi mama Chura akazoea kuiita mke mwenzake.

Meli ilipochakaa, wenyewe waliamua kuizamisha makusudi iwe makazi ya samaki. Waliisafisha mafuta, wakaitoboa ubavuni ili wazamiaji wasinasie ndani, kisha wakatafuta watu wa kuifungulia maji. Chura alikuwa mmoja wao. Baba hakwenda kutazama. Siku hiyo alishinda nyumbani akifungua pasi ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Basi akamnunia. Wala si kununa kwa siku mbili tatu, la. Miaka miwili mizima, mezani Chura aliambulia "ndiyo", "hapana" na "lete chumvi". Mtu mzima, anayefundisha watu wazima wenzake, alikuwa akirudi chumbani anajifungia na kulia.

"Mke mwenzangu kafa," mama alimwambia. "Mwache amlilie."

Asubuhi moja, mzee akaweka kikombe chini na kusema, "Nifundishe kuzamia. Nataka kuiona."

Daktari alimpima, akamruhusu. Miezi miwili alihangaika bwawani na mtungi mgongoni, akifanya kila alichoambiwa, bila neno la ziada. Moyoni Chura aliomba kitu kimoja tu: baba akishaiona meli, amsamehe.

Siku yenyewe maji yalikuwa maangavu. Kutoka kwenye boti waliteremka kwa kamba mita kumi na sita, hadi kwenye tundu kubwa la chumba cha mitambo. Mwanga ulifika mpaka kwenye injini. Matumbawe machanga yalikuwa yameiotea, na samaki wadogo walipita kwenye mabomba kama wapangaji wenye ufunguo. Baba alishika ukingo wa tundu, akatulia tuli. Kisha akamgeukia bintiye, akainua kidole gumba.

Kwa wazamiaji, gumba juu lina maana moja: twende juu. Na anayetaka juu haulizwi sababu. Hata dakika mbili hazijatimia! Alimshika mkono, wakapanda, wakasimama kwenye kamba dakika tatu kama kanuni inavyotaka. Mzee alitikisa kichwa na kupunga mikono, lakini Chura alitazama pembeni, machozi yamejaa ndani ya miwani.

Walipoibuka, mzee alitoa kipumulio mdomoni. "Mbona umenitoa?"

"Si umetaka juu, baba? Umeinua gumba."

Mzee aliutazama mkono wake, akachoka kabisa. "Nimesahau. Nilijiona niko kazini. Mle injini zikiwaka hamsikilizani, mnaongea kwa mikono. Gumba maana yake kazi safi."

"Kwa hiyo ulikuwa unaisifu injini."

"Injini gani, imejaa samaki! Nilikuwa nakwambia wewe. Umefanya vizuri, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea, miaka yote miwili."

Chura alimrukia shingoni papo hapo, mitungi ikagongana, wote wawili wakanywa maji. Mwendesha boti akawarushia boya, akidhani kuna anayezama.