Waitikiaji Wapya wa Mzee Bejo

Wimbo wa kwao hauimbwi na mtu mmoja, na wenzake waliokuwa wakimwitikia mzee Bejo walikuwa wamekufa au wamehamia Ugiriki. Basi akanyamaza miaka sita. Lirije, mke wa mwanawe, alipoigeuza nyumba yao ya mlimani kuwa ya wageni, watalii wakawa wanamwomba mzee awaimbie.

"Mimi si redio," alijibu.

"Baba, wamepanda mlima wote huu kwa ajili hiyo," Lirije alisema. "Tufundishe sisi tukuitikie."

"Wanawake?"

"Wanaume unao? Haya, waite!"

Bejo akacheka, akakubali. Akamfundisha Lirije na majirani wawili, huku akiwafokea: "Mnavuma kama nyuki walevi! Vuteni pumzi!" Kufikia Julai waliwaimbia wageni kila Jumamosi. Zenepe, mmoja wa majirani hao, alikuwa amefunga mizigo akachume machungwa Ugiriki. Alipoona wageni wanalipa vizuri, akaifungua.

Theluji ilipoanguka, wageni wakakoma kuja. Jumamosi iliyofuata Bejo aliota moto, akijua hatakuja mtu. Mara hodi mlangoni. Majirani wakakung'uta viatu, wakaketi karibu na Lirije.

"Lakini hakuna wageni," Bejo alisema.

"Tumeona, mzee," Zenepe akajibu. "Wewe anzisha."

Akaanzisha.